Karamu Ndani ya Ngome: Ni Nani Mwenyeji na Ni Nani Mgeni?

Tumeulizwa swali na baadhi ya ndugu zetu wanaohudhuria darasa, nasi twaona ni swali linalostahiki jawabu refu kuliko maneno machache ya baada ya sala. Wameuliza: Je, yafaa watu kukodi jengo la kale, kama Ngome ya Yesu hapa Mombasa au Ngome ya Lamu, wakafanya ndani yake mikutano yao na karamu zao, wakatandika meza kwa vitambaa vyeupe, wakala na kucheka mahali ambapo watu waliokuwa kabla yao walifungwa na kuugua na kufa? Au jambo hilo ni katika utovu wa adabu?

Waliotuletea swali walikuwa wamekwisha gawanyika makundi mawili kabla ya kutufikia. Wa kwanza wasema jengo la kale ni mfano wa kaburi. Huzuriwa kwa utulivu, kisha mtu akaenda zake. Wa pili wasema jiwe ni jiwe, waliokufa wamekufa, na pesa za kukodisha ndizo zinunuazo chokaa na kulipa mishahara ya walinzi. Kila kundi lina haki kidogo mkononi mwake, na kila kundi limeushika upande mmoja wa nguo na kudhani limeishika yote.

Tuanze na hao wa kwanza. Hoja yao imesimama juu ya dhana kuwa jengo la kale lina hali moja tu iliyo yake ya haki, na kwamba kila matumizi mengine ni uvamizi. Lakini hebu na tuzitazame khabari za Ngomeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye siku hizo alikuwa akiitawala na Ureno pia, na aliyeichora alikuwa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa ambaye Wareno walimlea huko Goa, aliingia ndani akamwua kapiteni wao, akaishika ngome mpaka mwaka uliofuata alipoiacha, nao wakarudi. Mwaka 1696 majeshi ya Imamu wa Oman yakaizingira, na mwezi wa Disemba 1698 yakaingia. Wareno waliipata tena kwa muda mfupi, 1728 hata 1729, kisha ikawatoka kabisa. Wakaja magavana wa Kimazrui; na mwaka 1837 ikawa mikononi mwa Sayyid Said. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kwa sababu ya uasi wa Akida Muhammad bin Abdallah. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya jela, ikabaki jela mpaka 1958. Na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 ikaandikwa katika Urithi wa Dunia.

Basi ni ipi katika hali hizo iliyo hali yake ya asili, ambayo mwenye kufanya karamu ameivunja? Imekuwa kambi, imekuwa kanisa, imekuwa makao ya gavana na ahali zake, imekuwa jela, imekuwa mahali pa watoto wa shule kuja na madaftari. Hata lugha yetu inalishuhudia jambo hili. Neno letu "gereza" wataalamu wa lugha wanasema asili yake ni neno la Kireno "igreja", yaani kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, na watu wa mji wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Kisha ngome ilipokuwa jela, neno likahamia kwenye jela. Jengo lililoweza kuligeuza kanisa kuwa kifungo ndani ya neno moja haliwezi kuambiwa kuwa lina hali moja tu. Na katika hali zote hizo watu walikula humo. Kapiteni alikula na wageni wake, gavana alikula na wazee wa mji, na mfungwa naye alikula alichopewa. Kula si kitu kigeni katika kuta zile.

Zaidi ya hayo, sisi watu wa pwani twajua nyumba ya mawe hufa vipi. Haifi kwa kukaliwa. Hufa kwa kufungwa. Dari ikipasuka na asiwepo wa kuiona, maji hupenya, boriti za mikoko zikaoza vichwa vyake mle ukutani, chokaa ikalegea, na siku moja ghorofa ya juu ikateremka chini. Twaikumbuka Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, nyumba ambayo jina lake lenyewe ni ajabu; ilikuwa imekwisha fungwa kwa ubovu wake, na ilikuwa katika kutengenezwa, pale sehemu yake kubwa ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa. Ngomeni nako bahari ilikuwa ikiula msingi, hata ukuta wa kuzuia mawimbi ukajengwa miaka hii ya karibuni. Kazi kama hizo zataka fedha kila mwaka, na jengo linaloingiwa na watu huonekana ufa wake mapema. Kwa hivyo atakayesema jengo liachwe kimya kwa ajili ya heshima, ajue kuwa mwisho wa heshima hiyo mara nyingi ni kifusi.

Twasema basi kuwa asili ya jambo hili ni kufaa. Na hapa ndugu zetu wa kundi la pili watafurahi. Lakini wasifurahi upesi, kwani maneno yetu mengi ni juu yao.

Wao wasema: tumelipa. Nasi twauliza: mmelipa nini, na mmemlipa nani? Katika mambo ya wakfu wanazuoni huanza kwa kuuliza alitaka nini yule aliyeweka wakfu, na sharti lake huheshimiwa. Ngomeni hapana wa kuulizwa. Aliyeijenga aliijenga ili awatawale watu wa mji huu kwa mizinga, na hatudhani yuko leo anayetaka sharti lake lifuatwe. Waliokata mawe na kuyabeba hawakuulizwa walitaka nini. Haikubaki ila kusema kuwa ni mali ya umma, na kwamba Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, ni wasimamizi wake. Na msimamizi wa mali ya watu hana uwezo wa kuuza kile asichokimiliki. Anachoweza kukitoa ni ruhusa ya kukaa uani kwa saa kadhaa. Risiti yampa mtu saa hizo. Haimpi nyumba.

Lakini tazama namna mambo yanavyopinduka. Mwenye kukodi hujiona kuwa yeye ndiye mwenyeji. Ndiye aliyetoa kadi, ndiye asimamaye mlangoni kupokea watu, ndiye aambiwaye "ahsante kwa kutukaribisha". Kwa waalikwa wake ni kweli kuwa ni mwenyeji. Ama kwa jengo lenyewe, na kwa mji ulio nje ya lango lake, yeye ni mgeni, na waalikwa wake ni wageni wa mgeni. Hilo ndilo tunalotaka lishikwe katika makala hii. Tukilishika, masuala mengi yatajibika yenyewe, kwani hapana Mswahili asiyejua mgeni hupaswa kufanya nini katika nyumba ya watu.

Wazee wetu walikuwa wameiandika adabu hiyo kwa mawe. Nyumba ya kale ya Lamu haimwachi mgeni aingie atakapo. Kuna daka mbele ya mlango, lenye baraza la kukaa. Kuna tekani, ambako njia yapinda ili jicho lisipite moja kwa moja. Kisha kiwanda kilicho wazi juu, na sabule ya mgeni wa kulala. Kisha ndio msana, na nyuma ya msana ni ndani, ambako mgeni hana kazi. Hapana aliyehitaji kuambiwa "usipite". Kuta zenyewe zilimwambia, na mwenye akili alisikia. Leo mtu huyo huyo, ambaye nyumbani kwa shangazi yake haivuki tekani bila ya kupiga hodi, akikodi ngome huzipitisha meza mpaka kwenye chumba cha mwisho, kwa kuwa ana risiti.

Tulipata kuhudhuria shughuli katika jengo moja la kale, ambalo jina lake hatulitaji, tukamwona fundi wa taa akipigilia misumari katika lipu ya zidaka ili atundike nyaya zake za rangi. Lipu ile ilikuwa imechongwa na mikono ambayo haipatikani tena. Mmoja wetu alipomuuliza, alijibu kwa adabu kabisa, wala hakukasirika, kuwa mwenye shughuli ameshalipa. Hatumlaumu fundi. Yeye alifanya alivyofahamishwa. Lakini yafaa watu wajue kuwa ukuta wa matumbawe na chokaa si ukuta wa matofali ya saruji. Huvuta unyevu na kuutoa. Na ukizibwa kwa saruji kila palipotobolewa, unyevu na chumvi hufungika ndani na kuupasua lipu kutoka nyuma. Tundu la msumari la usiku mmoja laweza kuwa kazi ya fundi wa miaka kumi baadaye. Mgeni hapigilii msumari katika nyumba ya watu.

(Tutaje jambo moja kwa njia ya pembeni. Miongoni mwa hazina za Ngomeni ni michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: majahazi, na watu, na majengo. Pengine mkubwa wao aliwakaripia kwa kuchafua ukuta. Lakini asije mtu wa karamu akatoa hoja kwa michoro hiyo! Wale walikuwa wamefungiwa humo na bahari na maadui, nao walichora kwa upweke. Huyu ana gari lamngoja nje.)

Ama mlango, hapo pana maudhi zaidi. Nje ya Ngomeni ni Mji wa Kale, na mbele ya Ngome ya Lamu ni uwanja wa Mkunguni, ambako wazee hukaa kivulini na watoto hupita kwenda chuoni. Watu hao ndio majirani wa nyumba, na babu zao ndio waliozungukwa na khabari zake. Usiku wa karamu huletwa walinzi wageni, waliokodiwa pamoja na viti, na yule mtoto aliyezoea kukaa juu ya ngazi huambiwa aondoke asiharibu sura ya mahali. Mkutano ukiwa ni wa kujadili "urithi wa jamii", basi jamii hiyo hupita upande wa pili wa barabara. Hatusemi kuwa kila mpita njia aingizwe mezani. Hata nyumba zetu hatuzifanyi hivyo. Twasema kuwa mgeni hawafukuzi watoto wa mwenye nyumba. Akiwakuta wamekaa kizingitini huwaamkia, akapita.

Tumebakisha lililo zito, nalo ndilo lililowatia uchungu ndugu zetu wa kundi la kwanza, ijapokuwa walilieleza kwa namna isiyosimama. Ni khabari ya mateso yaliyopita mahali hapo.

Wakati wa mazingiwa ya 1696, watu wa mji wengi walikimbilia ndani ya ngome pamoja na Wareno. Maradhi yaliingia kwa waliozingirwa, wakafa mpaka Wareno wakawa wamekwisha karibu wote. Kuna kipindi katika mwaka 1697 ambapo ngome ile haikuwa ikilindwa na Mreno yeyote wa kutajika, bali na Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, na Waafrika wachache, wanaume na wanawake, ambao majina yao hayakuandikwa. Mwanamke aliyesimama juu ya ukuta ule na bunduki, na nyuma yake maiti wasiokuwa na wa kuwazika, alikuwa upande gani katika vita vya wakubwa? Na waliokuwa nje wakizingira nao walikuwa na wenzao wa mji huu huu pamoja nao. Wengi wetu, tukifuatisha nasaba zetu vizuri, tutakuta tuna babu nje ya ukuta na babu ndani yake. Kisha ikaja miaka sitini na mitatu ya jela, 1895 hata 1958. Na Lamu, ngome iliyokwisha kujengwa mwaka 1821, ikafanywa jela toka 1910 hata 1984. Wako watu walio hai waliowapelekea ndugu zao chakula pale langoni.

Sasa mtu aseme: je, hapo palipokuwa na njaa pawekwe sinia la pilau?

Sisi hatuoni kuwa chakula ndicho kilicho kiovu. Nyumba zetu zote za kale watu wamefia ndani yake, nasi twala humo, na maiti hutolewa asubuhi na wageni wa matanga wakalishwa mchana katika ukumbi ule ule. Chakula si matusi kwa aliyekufa. Matusi ni kule kuifanya nyumba ione haya ya nafsi yake ili mgeni ale kwa raha. Nalo hufanywa kwa namna hii: vyumba vya wafungwa hufunikwa kwa mapazia, ubao wa maelezo hugeuzwa uso ukutani kwa kuwa una neno "kufa", na watu huvishwa mavazi ya askari wa zamani wakashika mienge kumulika njia, kana kwamba khabari yote ya karne zile ilikuwa ni mapambo yaliyosubiri kualikwa. Mwalikwa hurudi kwake na picha nzuri, na akiulizwa mahali pale palikuwa nini, husema "ni kasri". Hapo ndipo uovu ulipo. Waliokufa kwa maradhi na waliofungwa hawakutukanwa kwa pilau. Wametukanwa kwa kufanywa kuwa hawakuwako.

Mgeni mwema hamwombi mwenye nyumba aifiche picha ya marehemu kwa sababu imemwondolea hamu ya kula. Akiona picha huuliza: huyu ni nani? Basi tunashauri kuwa kila karamu na kila mkutano ndani ya majengo haya utanguliwe na khabari ya mahali penyewe, kwa maneno ya dakika kumi, yasemwe na mtu wa mji anayeijua, kabla ya sahani kufunuliwa, bila ya kupunguza wala kutia chumvi. Na vile vyumba vilivyokuwa vya wafungwa viachwe kama vilivyo; visifanywe stoo ya vinywaji wala mahali pa kuwekea makoti. Ama ulevi, hukumu yake ndani ya ngome ni ile ile ya nje yake, hatuna haja ya kuurefusha.

Huenda mtu akasema: mkiweka masharti haya, wenye fedha watakwenda kwenye mahoteli ya ufuoni, ambako hapana wa kuwasimulia vifo kabla ya supu, na makumbusho yatakosa pato. Twakiri kuwa baadhi yao watakwenda. Na waende, hoteli ilijengwa kwa kazi hiyo, na ukumbi wake hauna khabari ya kusimuliwa. Lakini hatuamini kuwa watakwenda wote. Anayechagua ngome badala ya hoteli amevutwa na kitu, na kitu hicho si viti, kwani viti vya hoteli ni vizuri zaidi. Amevutwa na ule uzito wa mahali, ijapokuwa hajui kuueleza. Sasa ikiwa msimamizi, kwa kuogopa kumkosa, atauondoa uzito wenyewe, atakuwa amemwuzia nini? Na jengo likizoea kujibadilisha kwa kila mwenye pesa, mwaka huu litafunikwa pazia, mwaka ujao litatobolewa mlango, na baada ya hapo litatakiwa libadilishwe jina.

Khabari ya israfu tunaigusa tu. Karamu za mahali pakubwa huwatia watu tamaa ya kufanya mambo makubwa, na masalio ya mkutano mmoja wa kujadili umasikini huweza kulisha mtaa. Na masalio hayo, yakiwa ni safi, njia ya kutokea Ngomeni mpaka kwa mwenye njaa ni hatua chache, wala haihitaji kamati.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuulizwa, nasi tumeona tulitaje kwa kuwa latuhusu sisi majirani. Nyumba za Mji wa Kale zimegawanywa kwa urithi mpaka zimekuwa vyumba, na mwenye kuozesha binti hana tena ukumbi; hufunga njia ya mtaa kwa maturubali na kuwaomba radhi wenye magari. Naye ana ua mkubwa kuliko wote mjini, ulio hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake, lakini bei yake imepimwa kwa mifuko ya makampuni. Twawaomba wasimamizi wa majengo haya, hapa na Lamu, watenge siku kadhaa katika mwaka kwa ajili ya watu wa mitaa inayoyazunguka, kwa malipo yasiyozidi ujira wa wafagiaji na gharama ya umeme, na kwa masharti yale yale ya misumari na ya vyumba vya wafungwa, kwani jirani naye huharibu. Zile dakika kumi za khabari, siku hizo, waachiwe wazee wa mtaa waziseme wenyewe.